Viatu vya Mashine ya Buigiri

Kefa alikuwa amelala kifudifudi juu ya meza ya mashine, shavu kwenye chuma baridi, akisoma sindano ya kloki kwa jicho moja. Kloki ni saa ya kupimia ambayo haijui lolote kuhusu wakati. Kazi yake ni kumwambia fundi kitu kimepotoka kiasi gani, na husema kwa sehemu za mia za milimita. Sindano ilisimama kwenye kumi na mbili. Kefa aliandika kumi na mbili kwenye daftari, akazungusha kigurudumu cha rimoti, na meza ikaanza kusogea naye akiwa juu yake, polepole, kama mgonjwa anayesukumwa kwenda kupigwa picha. Ilipofika mwisho aliirudisha, akapima tena. Kumi na mbili.

"Hiyo ni mara ya ngapi?" aliuliza Mudrick kutoka mlangoni.

"Ya sita."

"Na imesema ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Wote wanapata kumi na mbili, fundi. Ungeniuliza ningekuambia, na shati lako lingekuwa safi."

Mudrick alikuwa dalali wa mitambo. Mkandarasi aliyekuwa na kambi hapo, nje kidogo ya Buigiri, alimaliza kazi yake miaka miwili nyuma, akafunga mizigo na kurudi kwao, akamwachia Mudrick orodha ya vitu vya kuuza. Magari yaliondoka wiki ya kwanza. Majenereta yaliondoka mwezi wa kwanza. Mwishoni ilibaki mashine hii moja ndani ya karakana ya mabati, na nje yake upepo wa Juni ukipiga vumbi ukutani kutwa nzima.

Ilikuwa mashine ya kuchonga vyuma vikubwa. Ilikuwa na nguzo mbili nene, moja kila upande, na juu yake boriti nzito iliyolazwa kutoka nguzo hii hadi ile, kama daraja. Meza ya urefu wa mita tatu ilipita chini ya daraja hilo kwenda na kurudi, na kichwa chenye kisu kilining'inia kutoka juu. Kompyuta ya pembeni ndiyo iliyokiambia kisu kiende wapi. Mafundi wa Dodoma, ambao wengi wao hawajaiona, waliiita Daraja. Walioiona waliiita marehemu.

Watatu walikuwa wamekuja kabla ya Kefa. Wa kwanza alitoka Dar es Salaam na kishikwambi, wa pili alikuwa mwalimu wa chuo, wa tatu alitoka Morogoro na hakuzima hata gari. Wote walipima namna meza inavyokaa na kichwa cha mashine, wakapata kumi na mbili, wakasema reli za mashine zimelika, au iliangushwa wakati wa kushushwa kwenye lori, au vyote viwili. Kwa kazi ya bamba kubwa la chuma, fundi anaweza kuvumilia mbili, akibanwa sana tatu. Kwenye kumi na mbili, matundu ya upande huu hayataonana na boliti za upande ule hata zikibembelezwa.

Kefa aliposhuka mezani alijifuta uso kwa tambara na kulikunja tena lilivyokuwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, aliyeishia darasa la saba. Mengine yote aliyajua kwa kusoma vitabu vinavyokuja na mashine, jioni baada ya jioni, kamusi pembeni. Kwa sababu hiyo Kiingereza chake kilikuwa na maneno yote ya kupaka grisi na hakikuwa na hata moja la kumsalimia mtu.

Aliyemtuma alikuwa Raheli, mwenye karakana ya Miyuji ambayo Kefa aliifanyia kazi miaka kumi na nane. Karakana ilikuwa ya marehemu mumewe. Kefa na mafundi wenzake watano walitengeneza fremu za mashine za kukamua alizeti na za kupukuchua mahindi, na karibu wateja wote walikuwa Kibaigwa. Tatizo lilikuwa mabamba makubwa. Hakukuwa na mashine Dodoma ya kuyachonga, kwa hiyo yalipelekwa Dar es Salaam, yakakaa wiki tatu, na mara mbili yakarudi mabamba ya mtu mwingine. Wateja wa Kibaigwa ni watu wa mahindi. Kitu kinachochelewa wiki tatu hukikuta kimeshaota. Walisema msimu ujao watatafuta fundi kwingine.

Ndipo shemeji yake Raheli, Elieza, alipoitisha kikao cha familia na kupendekeza jengo liwe ghala la vigae. Alikuwa mpole sana kwenye kikao. Alisema hamfukuzi mtu. Kikao kilimpa Raheli hadi kesho saa sita mchana: ama awe amesaini kununua mashine inayoweza kufanya kazi hiyo hapa hapa Dodoma, ama akabidhi funguo. Mudrick naye, bila kujua habari za kikao chochote, alikuwa ameagiza lori la vyuma chakavu lije kuikata mashine, na lori lingefika kesho saa sita mchana.

"Nitasaini ukisema ni nzuri," Raheli alikuwa amemwambia Kefa alfajiri ya siku hiyo, akimkabidhi chupa ya chai. "Ukisema mbaya nitampa shemeji funguo. Nataka neno moja tu. Usiniletee maelezo."

Kefa alikuwa na maneno mengi ya maelezo na machache ya aina nyingine. Isitoshe, miaka minne nyuma alishawahi kusema "nzuri" juu ya mashine ya kusawazisha vyuma huko Morogoro, baada ya kuitazama kwa saa moja na nusu. Mashine hiyo bado ipo Miyuji. Hupangwa vikombe vya chai juu yake, na kwa kazi hiyo haijawahi kulalamikiwa.

"Sasa unatafuta nini?" aliuliza Mudrick, alipomwona Kefa anafungua sanduku jingine.

"Sijui bado."

"Mtu akishakufa, fundi, hapimwi homa."

"Huyu bado ana joto," alisema Kefa. Hakusema kwa mzaha. Alikuwa ameweka kiganja kwenye nguzo.

Mlangoni, kwenye kigoda, alikaa mlinzi wa kambi, mzee Batholomeo, mwenyeji wa hapo hapo, aliyevaa koti la baridi na juu yake kizibao cha kung'aa cha mkandarasi. Alikuwa amekaa hapo tangu saa mbili asubuhi akitazama mikono ya Kefa. Kefa alipohamisha spana kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, macho ya mzee yalihama nayo.

"Mzee wangu, mbona unanitazama hivyo?" Kefa aliuliza.

"Sikutazami wewe. Natazama mikono."

"Ina nini?"

"Haina kitu. Niliambiwa kisipotee kitu hapa, na vitu hupotea kwa mikono. Wewe endelea tu, mwanangu."

Kefa aliendelea. Kutoka kwenye sanduku alitoa pimamaji lake la mafundi, zito kama tofali, lililofungwa kwenye kitenge cha mtoto. Si lile la waashi. Hili, ukiweka karatasi ya sigara chini ya ncha moja ya meza ndefu, kiputo chake huondoka mahali pake na kukulaumu. Wale watatu waliomtangulia walipima juu ya meza, kwa kuwa meza ndiyo inayofanya kazi. Kefa alipima juu ya meza pia, akapata yale yale waliyopata. Kisha, kwa sababu tu alikuwa bado hajapima hapo, aliliweka pimamaji chini, kwenye kitako cha mashine karibu na nguzo ya kushoto, mahali ambapo hapana kitu kinachosogea. Alisubiri kiputo kitulie. Akazungusha kigurudumu, meza ikaenda hadi mwisho wa mbele.

Kiputo kilitembea mistari miwili.

Aliirudisha meza. Kiputo kikarudi. Akaipeleka tena, na kiputo kikaenda tena mistari miwili, bila haraka.

Kefa alikaa kwenye sakafu. Meza ile ilikuwa na uzito wa tani tatu, na ilipokwenda mbele ilikwenda na uzito wake. Hilo lilikuwa sawa. Lakini kitako kilitakiwa kisijue kama meza imekwenda au imerudi. Kama kitako kinainama, basi kilichokibeba kinabonyea.

Alirudia mara saba. Mara ya nne Mudrick alitangaza kwamba anakwenda kutafuta chipsi barabarani, na mara ya tano alikuwa ameshawasha gari.

Baada ya ile ya saba Kefa aliwasha tochi ya simu, akalala chali, akajisukuma hadi chini ya mashine. Mashine ilikuwa na miguu minane. Kila mguu ulitakiwa kusimama juu ya kiatu, yaani kitalu kizito cha chuma chenye skrubu ya kupandisha na kushusha, ambacho ndicho kinachomwezesha fundi kuiweka mashine sawasawa. Alimulika mguu wa kwanza. Alimulika wa pili, akatambaa hadi wa nane, akarudi wa kwanza kuhakikisha.

Chini ya kila mguu palikuwa na kipande cha mninga. Vilikuwa vipande vizuri. Vilikuwa vimepigwa randa, kingo zimelainishwa, na kila kimoja kimeandikwa namba kwa rangi nyekundu, moja hadi nane.

Kefa alitoka chini, akajipangusa magoti, akaenda kuchuchumaa mbele ya kigoda.

"Mzee Batholomeo."

"Naam."

"Hii miti iliyo chini ya mashine. Ilikuja nayo?"

"Hapana. Hiyo niliiweka mimi."

"Wewe."

"Kwa mkono wangu. Ni mninga wa fremu za milango, ilibaki. Si mti wa kuoza."

"Na kabla ya miti palikuwa na nini?"

"Palikuwa na viatu vyake vya chuma."

"Viko wapi?"

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza usoni badala ya mikononi, na ilionekana swali limemgusa vibaya. "Vipo," alisema. "Unadhani vimepotea?"

Kisha alieleza, kwa utaratibu, kwa kuwa na yeye alikuwa mtu wa utaratibu. Mkandarasi alipoondoka, Batholomeo alisaini hati ya kupokea vitu arobaini na viwili. Wiki ya pili walikuja vijana na bajaji wakiuliza kama kuna vyuma chakavu. Aliwaambia hakuna. Asubuhi yake kifuniko cha mtaro hakikuwepo. Wiki ya tatu ikaondoka bawaba ya geti, geti likabaki. Akakaa akafikiri: katika vitu vyote vilivyobaki, kipi ni kizito, ni chuma kitupu, na hakijafungwa na nati? Alizunguka kambi siku nzima na kupata jibu moja. Vile viatu vilikuwa vimeshikwa na uzito wa mashine tu. Mwenye jeki angeweza kuvibeba vyote vinane usiku mmoja.

"Jeki ilikuwepo stoo," alisema. "Namba thelathini na moja kwenye hati. Kwa hiyo nikavitoa mimi kabla yao. Siku nane, kiatu kimoja kila siku, naweka mninga. Urefu nilipima kwa uzi. Usawa nilipima kwa chupa ya maji. Kisha nikavifungia."

"Na hao wataalamu watatu waliokuja, hukuwaambia?"

"Hawakuuliza."

"Hawakuuliza kitu chochote?"

Mzee alifikiri. "Wa Dar es Salaam aliuliza choo kiko wapi. Mwalimu aliuliza kama mtandao unashika. Yule mwingine hakuuliza kitu."

Kefa aliinamisha kichwa. Mninga ni mti mgumu, lakini ni mti. Masika mawili yalikuwa yamepita na viangazi viwili. Kila kipande kilikuwa kimenywa na kukauka kwa namna yake, na daraja la tani ishirini na ngapi lilikuwa limekaa juu ya vipande vinane visivyokubaliana. Kitako kilichokaa hivyo hujikunja, na kikijikunja meza hupotoka, na meza ikipotoka kloki husema kumi na mbili. Au reli zimelika kweli na mninga ni ajali ya pembeni tu. Mambo yote mawili yaliwezekana. Mti ulieleza kwa nini kiputo kinatembea. Haukuwa umeeleza kumi na mbili.

Simu iliita. Alikuwa Raheli.

"Nzuri au mbaya?"

"Ina miti chini."

"Kefa."

"Sijui bado, mama."

"Shemeji yuko hapa. Amekuja na futi kamba, anapima sakafu. Anasema itaingia katoni mia tisa."

"Ukuta wa kaskazini umepinda. Akipima upande mmoja tu atakosea."

"Nimemwambia. Hakuamini." Nyuma yake ilisikika mashine ya kukereza ikizunguka, mtu wa Miyuji akiendelea na kazi kana kwamba hakuna futi kamba. "Utajua saa ngapi?"

"Kesho. Saa tano."

"Saa sita ndiyo mwisho."

"Ndiyo. Saa tano."

Alikata simu, akamgeukia mzee. "Naviomba vile viatu."

"Haiwezekani bila barua," alisema Batholomeo.

"Barua ya nani?"

"Ya aliyenikabidhi."

"Nani alikukabidhi?"

"Hakuna. Nilijikabidhi mwenyewe. Nimeandika kwenye daftari: viatu vinane, vimepokelewa stoo, tarehe, sahihi yangu."

"Basi andika wewe barua ya kuvitoa."

"Nijiandikie mwenyewe barua ya ruhusa?" Mzee alitikisa kichwa kwa huzuni, kama aliyesikia ushauri mbaya kutoka kwa mtu aliyeanza kumheshimu. "Huo ndio wizi wenyewe, mwanangu. Wizi wote wa maofisini huanza hivyo."

Kefa hakubishana. Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akampa mzee kwa mikono miwili, akakaa sakafuni. Walikunywa kwa zamu. Kengele ya shule ililia mbali, ikapeperushwa na upepo. Saa ilikuwa inaelekea nane. Mtu mwingine angempigia simu Mudrick, au angetafuta nyundo akaenda kwenye kufuli. Kefa aliuliza kama anaweza kuiona hati.

Hati ilikuwa mfukoni mwa koti, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Kefa aliisoma kuanzia namba moja. Alisoma kila kitu, hata matangi ya maji. Alipofika namba kumi na nne aliweka kidole.

"Hapa pameandikwa mashine ya kuchonga, moja, kamili."

"Ndivyo."

"Ukiikabidhi kesho, mzee, utakabidhi nini?"

"Mashine."

"Kamili?"

Batholomeo aliitazama mashine, kisha mlango wa stoo, kisha akairudia mashine. Kwa miaka miwili alikuwa amelala na ufunguo shingoni. Alikuwa amekataa kwenda msiba wa binamu yake Mpwapwa kwa sababu ya namba moja hadi arobaini na mbili.

"Kwa hiyo namba kumi na nne imepungua," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Na mimi ndiye niliyeipunguza."

"Hujaipunguza. Umeitenganisha. Haijatoka getini."

"Haijatoka," alikubali mzee. "Hata skrubu."

"Basi tuviweke pamoja tena. Na hapo pia havitatoka getini."

Mzee alisimama, akakunja hati, akairudisha kwenye nailoni ya kwanza na ya pili. "Kimoja kimoja," alisema. "Nakupa kiatu, unanipa mti. Mti nao nimeuandika."

Walianza saa nane na robo. Kefa aliweka jeki yake chini ya kona ya nguzo ya kushoto, akapiga mkono wa jeki hadi mguu ukanyanyuka kiasi cha kupitisha kipande cha katoni, akavuta mninga namba moja. Mzee aliupokea, akausoma namba, akaenda nao stoo. Alifungua kufuli, akaingiza mti, akatoa kiatu kilichofungwa kwenye gunia na kupakwa oili, akafunga kufuli, akalivuta kuona kama limefunga, akarudi. Viatu havikuwa na kutu hata kidogo. Kefa, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, aligeuza cha kwanza mikononi na kusema, "Umevitunza." Mzee alisema ndiyo, kila mwezi huvipaka.

Kila mguu ulichukua karibu dakika arobaini na tano, na nusu ya muda huo ulikwenda kwenye kufuli. Mguu wa kwanza Kefa alihesabu dakika hizo kwa uchungu. Kufikia wa pili aligundua kwamba mashine nzito ukiibadilisha mguu hutaka kupumzika kabla hujaigusa tena, na kitabu kilisema hivyo hivyo, isipokuwa kitabu hakikusema ni kwa muda gani. Sasa alijua: muda wa mzee mmoja kwenda stoo na kurudi. Hakumharakisha tena. Alikaa akitazama kiputo.

Mudrick alirudi mguu wa tatu ukiwa hewani, na mfuko wa chipsi zilizopoa.

"Mnafanya nini?"

"Ilikuwa haina viatu," alisema Kefa kutoka chini ya mashine.

Mudrick aliinama, akaona miti, akaona chuma, akaona mzee amepita na gunia. Dalali huelewa vitu haraka kuliko fundi, na huo ndio ubaya wake. "Kwa hiyo hii ndiyo kumi na mbili," alisema. "Miezi ishirini nazunguka na picha za mashine ambayo haijafa. Fundi, tatizo umeliona. Piga simu kwa mama, mwambie nzuri, twende nyumbani. Lori nalighairi sasa hivi."

"Nimeona tatizo moja."

"Kwani unataka mangapi?"

"Yote yaliyopo."

"Sasa si upime tena? Kloki hiyo hapo. Dakika mbili."

"Ina chuma miguu mitatu na mti miguu mitano. Nikiipima sasa itanidanganya, na mimi nitaiamini."

"Ikikudanganya kwamba nzuri kuna hasara gani?"

Kefa alifikiria swali hilo kwa uaminifu, kwa sababu lilikuwa na jibu. Raheli angesaini. Ukuta wa mbele wa karakana ungevunjwa ili mashine ipite. Wenzake watano wangeisukuma ndani wakiimba. Na mwezi mmoja baadaye bamba la kwanza lingekataa boliti, na Elieza angekuja na katoni zake, mpole vilevile, na safari hii kikao kisingehitajika.

"Nipe spana ya ishirini na nne," alisema.

Mudrick alimpa. Alikaa kwenye ndoo, akala chipsi, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya akaanza kumuuliza mzee kwa nini hakumwambia.

"Nilikuandikia," alisema Batholomeo. "Ripoti ya mwezi wa nane, mwaka juzi. Ukurasa wa pili."

"Mzee, ripoti zako zina kurasa tisa."

"Kuna vitu arobaini na viwili."

Mguu wa nne ulikaa. Wa tano ukakaa. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye matundu ya misumari ya bati la magharibi, likichora nukta sakafuni. Kefa aliipeleka meza mbele, akairudisha, akaangalia pimamaji. Kiputo, ambacho asubuhi kilitembea mistari miwili, kilitembea mmoja na kidogo. Aliandika. Mstari wa namba ulipinda, kwa hiyo aliufuta na kuuandika upya.

"Namba sita," alisema, akinyoosha mkono kwenye kipande cha mninga.

Batholomeo hakuja kuupokea. Alikuwa anatazama saa yake. "Stoo inafungwa saa kumi na mbili."

"Imebaki mitatu tu, mzee."

"Imeandikwa."

"Mimi ndiye msimamizi wa hapa," alisema Mudrick. "Nakuruhusu."

"Wewe ni wa kuuza, dalali. Wa kufunga ni mimi."

Kefa aliuacha mti wa sita mahali pake, akaishusha jeki taratibu hadi mguu ukalala tena juu ya mninga. Kwa dakika moja alitazama kloki iliyokuwa bado imefungwa kwenye kichwa cha mashine, juu ya meza, sindano yake ikimtazama. Mudrick naye aliitazama, akasimama kutoka kwenye ndoo. Hata mzee alisogea hatua moja. Kusoma tu kungechukua muda wa kufunga kifungo. Kefa alipanda kwenye kitako, akaivua kloki, akaifuta, akaifungia kwenye sanduku lake.

Alimpigia Raheli akiwa nje, mgongo kwenye bati kukwepa upepo.

"Miguu mitano," alisema.

"Mitano kati ya mingapi?"

"Minane."

"Na unaonaje?"

"Sioni bado."

Mashine ya kukereza haikusikika tena. Watu walikuwa wameshaondoka Miyuji. "Shemeji ameziomba funguo leo," alisema Raheli. "Anasema apunguze usumbufu wa kesho. Tena ameomba vizuri."

"Umempa?"

"Nimemwambia fundi wangu hajasema." Alipumua. "Nitakuja huko mwenyewe asubuhi. Funguo ninakuja nazo, na kalamu ninakuja nayo. Ukisema nzuri nasaini hapo hapo. Ukisema mbaya nazipeleka kwake kabla ya saa sita. Lakini uwe umesema."

"Nitakuwa nimesema."

"Umekula?"

"Kuna chipsi za dalali."

Alipoingia ndani Batholomeo alikuwa anafunga kufuli la stoo na kulivuta. Kefa aliuliza kesho itafunguliwa saa ngapi. Mzee alisema saa mbili. Kefa alieleza kwamba miguu mitatu ni kazi ya zaidi ya saa mbili, kisha kuisawazisha yote minane, kisha kupima, na akiahidi saa tano huwa ni saa tano. Alieleza polepole, na mzee alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Saa moja na nusu," alisema. "Lakini utasaini kwamba ni wewe uliyeomba."

Kefa alisaini. Alifunika meza ya mashine kwa turubai kukinga vumbi, akakung'uta daftari na kuandika chini ya ukurasa: *Bado 6, 7, 8. Kisha kusawazisha. Kisha kupima mara sita.* Mudrick aliwasha gari na kupiga honi mara moja, bila nguvu. Jeki waliiacha ilipokuwa, chini ya kona ya kulia, karibu na mguu wa sita.